Mtoto akiandika 1/4 + 1/4 = 2/8, msiishie kwenye kalamu nyekundu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu, na wazazi pia, juu ya kujumlisha sehemu. Mwanafunzi anayeandika 1/4 + 1/4 = 2/8 hasaidiki kwa alama ya kosa peke yake. Kesho ataandika vilevile, maana hakuteleza: kaona namba nne tu zilizotengana (1, 4, 1 na 4), akajumlisha za juu kwa juu na za chini kwa chini. Kanuni kaitunga mwenyewe na anaiamini.

Mrudishie jibu lake alipime. 2/8 ukiirahisisha ni 1/4. Robo kilo ya sukari ukiongeza robo nyingine, unabaki na robo ileile? Dukani asingekubali. Kisha mpe 1/2 + 1/3. Akisema 2/5, muulize kama inafika nusu. Haifiki, ilhali nusu alikuwa nayo kabla hajaongeza chochote.

Hapo ndipo achukue daftari la vimraba. Achore mstatili wenye urefu wa vimraba 12 na upana wa kimoja. Nusu yake ni vimraba 6, theluthi ni 4. Jumla 10 kati ya 12, yaani 5/6. Ataona kwa nini asili, yaani namba za chini, lazima zilingane: tunahesabu vipande vya ukubwa mmoja. Duara liacheni kwanza. Kuligawa mara tatu sawasawa kwa mkono kunamshinda hata mwalimu, na mchoro uliopinda unamfundisha mtoto kwamba theluthi hazilingani.

KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote) nayo isiharakishwe. Katika 1/4 + 1/6, anayezidisha asili zote mbili atapata 6/24 + 4/24 = 10/24, akirahisisha 5/12. Ni sahihi, apewe maksi zake zote. KDS, ambayo hapa ni 12, inampunguzia kazi tu. Ninachokipinga hasa ni ule mkato wa kuzidisha mshazari (namba ya juu ya sehemu moja kwa ya chini ya nyingine) bila maelezo: ikija 1/2 + 1/3 + 1/4, mtoto hajui aanzie wapi.

Kazi ya nyumbani iwe maswali sita, si 20 yanayofanana, na kabla ya kukokotoa kila moja aandike makadirio: litazidi nusu? Litazidi 1? Katika 7/8 + 11/12 kila sehemu inakaribia 1, kwa hiyo jibu liko jirani na 2. Aliyepata 18/20 atashtuka mwenyewe.

Kosa hili lisipotibiwa shule ya msingi, linapanda hadi sekondari: 1/x + 1/y inaandikwa 2/(x + y) badala ya (x + y)/xy, na mwalimu anadhani tatizo ni aljebra. Kabla ya kurudia mada nzima, amwambie mwanafunzi aweke x = 2 na y = 3. Akikwama hapo, kasoro iko kwenye sehemu, si kwenye herufi.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro