Kivuli cha gari kwa turubai na mianzi

Mhariri,

Anayelala porini na gari hana haja ya kununua kivuli cha bei ghali. Turubai la mita 3 kwa 2, mianzi miwili mikavu ya mita 2, kamba mita 15 na vigingi vinne vinatosha. Funga upande mrefu kwenye keria, upande wa nje uinuliwe na mianzi. Kila mwanzi uvutwe na kamba mbili zilizotanuka kama herufi V. Ikiwa moja, upepo ukigeuka mwanzi unalala. Mwanzi mmoja upunguzwe sentimita 20, la sivyo maji ya mvua yatatuama, turubai lifanye tumbo na pete za pembeni zing'oke. Upepo ukivuma kwa nguvu, likunjeni mapema jamani!

Msomaji wenu,
Arusha