Kaka, Turenne namweka juu ya Condé

Kaka, shikamoo. Huku wazima wote, mvua tu ndo inatusumbua.

Uliniuliza kwanini kila tukiongelea majenerali wa Ufaransa wa zamani mimi namng'ang'ania Turenne wakati wewe na wenzako mnamtaja Condé, yule mwana wa ukoo wa kifalme aliyeishi kipindi kimoja naye. Kwenye simu sikukujibu vizuri, acha nikuandikie.

Condé alikuwa moto, hilo sikatai, akiona adui anavamia tu na wanaokufa wafe. Ila Turenne alikuwa mtu wa hesabu. Jina lake kamili Henri de La Tour d'Auvergne, amezaliwa Sedan mwaka 1611, baba yake ni duke wa Bouillon na mama yake ni binti wa William wa Orange, yule aliyewaongoza Waholanzi kuasi utawala wa Hispania. Familia ya Kiprotestanti. Sasa mtoto wa nyumba kama hiyo ungetegemea apewe kikosi tangu siku ya kwanza, lakini yeye alipelekwa Uholanzi kwa wajomba zake akaanza kama askari wa kawaida, anabeba silaha kama wengine, ndo baadae akapewa ukapteni. Mimi naamini hapo ndo alipojifunza kitu ambacho wakubwa wengi hawakukijua, kwamba jeshi kabla halijapigana linatakiwa kula. Mkate, shayiri ya farasi, viatu. Inasimuliwa kuna wakati mishahara ilikwama akaamuru vyombo vyake vya mezani vya fedha vikatwekatwe wagaiwe askari. Ndo maana walimpenda vile.

Umarshali, cheo cha juu kabisa cha jeshi la Ufaransa, aliupata 1643. Hapo katikati kuna vita ya miaka thelathini, halafu kuna ile fujo ya Fronde, wakubwa wa Ufaransa walipoiasi serikali ya mfalme, ambapo na yeye aliasi, akapigwa Rethel Desemba 1650, akarudi upande wa mfalme, na 1652 akamwokoa Louis XIV akiwa bado kijana mdogo, aliyekuwa anamkimbiza ni huyo huyo Condé wako! Tena 1658 wakakutana pale kwenye machuguu ya mchanga karibu na Dunkirk, Condé yuko na Wahispania, Turenne yuko na askari wa Cromwell mtawala wa Uingereza, Condé akapigwa. Hayo unayajua sitaki kuyarefusha.

Ninachotaka ukiangalie ni ile baridi ya 1674 kuingia 1675. Adui zake, majeshi ya Kaisari wa Ujerumani na wenzake, wameshaingia Alsace, upande huu wa mto Rhine, wamejipanga kwenye vijiji kuzunguka Colmar wanasubiri joto lirudi mana kipindi kile baridi ikianza vita inasimama, kila mtu anatafuta nyumba yenye moto na chakula. Turenne akajifanya na yeye amekwenda kulala, akarudisha jeshi nyuma ya milima ya Vosges. Kumbe huko nyuma ya milima amelikata vipande vidogo vidogo, kila kipande na njia yake, wanashuka kusini kwenye theluji, na adui hakuelewa chochote mpaka wanaibukia Belfort mwisho wa Desemba, tarehe 29 wanawapiga wapanda farasi wa adui kule Mulhouse na tarehe 5 Januari wako Turckheim. Pale Turckheim kwenyewe aliwashughulisha adui upande wa Colmar halafu yeye akachukua sehemu ya jeshi akapita nayo kwenye vilima vya mizabibu akatokea ubavuni, sehemu ambayo hawakuilinda vizuri. Baada ya siku chache adui wote wamevuka mto Rhine kurudi kwao. Mzee wa miaka 63 huyo.

Lakini kaka nisikufiche, kuna kitu kinaniuma na sijui nikiweke wapi. Kiangazi cha mwaka huo huo wa 1674, kabla ya hayo yote, jeshi lake lilikuwa Pfalz, nchi ya Kijerumani kandokando ya Rhine, likala kila kitu na vijiji vikachomwa ili adui akija asikute hata nyasi. Mtawala wa pale Karl Ludwig akaona nchi yake inaungua, akamwandikia Turenne barua ya hasira kumwita wapigane wawili tu, mtu na mtu. Turenne akajibu kwa adabu kabisa kwamba askari walichoma bila amri yake, kwa hasira ya kukuta wenzao wameuawa vibaya na wanakijiji. Sasa angalia undugu wao, bibi mzaa baba wa Karl Ludwig na mama yake Turenne ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na baba yake Karl Ludwig alilelewa hapo hapo Sedan nyumbani kwa kina Turenne. Kwa hesabu zetu sisi Turenne ni baba yake mdogo kabisa! Baba mdogo anakula shamba la mtoto wa kaka yake, na anachokula ndo kile kile kinachofanya askari wamwite mwema. Mkate wa askari ulitoka kwenye ghala la mkulima fulani, huwezi kusifia ule mgao ukaruka ghala lilipotoka. Bado namweka juu ya Condé, ila nikimsoma sasa namsoma na wale watu wa Pfalz pembeni.

Alikufa tarehe 27 Julai 1675 pale Salzbach, anakagua mahali pa kuweka mizinga mbele ya jeshi la Montecuccoli, jenerali wa Kaisari, kombora moja likamkata mkono Saint-Hilaire mkuu wa mizinga likampiga na Turenne akafa hapo hapo. Saint-Hilaire mwanae analia, yeye mwenyewe damu zinamtoka anamwambia asimlilie yeye, amlilie yule mzee. Na jeshi likavuka Rhine kurudi nyuma. Akazikwa Saint-Denis walikozikwa wafalme, 1800 Napoleon akamhamishia Invalides, kule Paris.

Sasa nakusubiri unijibu kuhusu Pfalz, na usiniletee tena Rocroi, ule ushindi wa Condé wa 1643, hiyo nimeshakukubalia. Wasalimie shemeji na watoto, mwambie mama nitampigia.

Mdogo wako