Risala ya vijana wa makachu Forodhani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sheha wetu, wazee na vijana wenzangu, Assalaam alaykum. Kwanza ahsante sana kwa kuja, mana mwaka jana tulialika tukasubiri mpaka magharibi hakutokea mtu, kwahiyo wewe kufika tu kwetu ni jambo kubwa.

Historia yetu fupi. Tulianza makachu, yaani kuchupa baharini kwa sarakasi, watu sita pale ukutani Forodhani hapa Zanzibar, sasa tuko zaidi ya 30, na hakuna mgeni anaepita Mji Mkongwe jioni asisimame kututazama, video zetu zimefika duniani kote, tunasema bila kuogopa kwamba makachu imeitangaza Forodhani kuliko tangazo lolote. Na watoto wengi wa mitaani kwetu sisi ndo tuliowafundisha kuogelea.

Mheshimiwa, hiki tunachocheza sisi kwa wenzetu ni mchezo wa Olimpiki. Yupo Mmarekani anaitwa Greg Louganis, video zake tunazitazama mpaka bando linakata. Alianzia dansi na sarakasi utotoni, akiwa na miaka 16 akachukua medali ya fedha Olimpiki ya Montreal 1976, mwaka 1980 Moscow hakwenda kwa vile nchi yake iligoma, akangoja, 1984 Los Angeles akabeba dhahabu mbili, ya ubao ulio mita 3 juu ya maji na ya jukwaa la mita 10, na 1988 Seoul akazibeba tena zote mbili. Hapo Seoul kwenye mchujo alichupa ule mchupo wa kutazama maji huku mwili unajipindua kurudi upande wa ubao, kichwa kikagonga ubao, damu ikatoka, akashonwa, akarudi kuendelea siku ile ile, na kesho yake akashinda fainali.

Sasa Mheshimiwa hapo ndo penye ombi letu. Louganis alikuwa na ubao unaomrusha, chini yake maji ya kina kinachojulikana, na daktari karibu. Sisi tuna ukuta wa mawe. Ukuta haukurushi, una mbio zako na miguu yako basi, ile mizunguko miwili na nusu ya Louganis unafika majini hujaimaliza. Na bahari haitusubiri, wiki hii maji yanajaa saa kumi jioni tunafanya mazoezi vizuri, wiki ijayo yanajaa saa nne asubuhi vijana wako skuli, na bamvua likikupwa panabaki mawe. Mwaka juzi mwenzetu alichupa maji yameshaanza kutoka, akapasuka kichwa, tukampakia bodaboda mpaka hospitali akashonwa. Mamaake hajamruhusu kurudi mpaka leo na hatuwezi kumlaumu. Yule ndo alokuwa bora wetu kuliko sote.

Tunaomba kitu kimoja tu, bwawa la kuchupia lenye kina cha kama mita 4 na ubao mmoja ulio mita 3 juu ya maji. Ubao wenyewe ni wa aluminiamu, haufiki mita 5 urefu, una gurudumu chini unalisogeza kwa mguu ukitaka ulainike au ukaze. Hatuombi jezi, hatuombi posho, na zile spika tulizoahidiwa tumeshazisamehe.

Kwa heshima zote Mheshimiwa, ahadi ya bwawa si mpya. Mgeni rasmi wa kwanza alisema miezi sita, tukapiga makofi mpaka mikono ikauma. Wa pili akaleta watu na futikamba, kiwanja kikapimwa, vigingi vikachomekwa, picha zikapigwa. Vigingi vimeoza. Watoto walopiga makofi siku ile ya kwanza wengine sasa wana watoto wao.

Haya hatukwambii kukuvunjia heshima, tunakwambia kwa sababu umekuja na umekaa kutusikiliza. Leo hatuombi ahadi kubwa, tunaomba ututajie tumfate nani ofisini na siku gani. Katibu wetu amekaa hapa mbele na daftari, ataandika jina na tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.