Mwanangu, hiyo banjo usiuze

Mama,

Nimesoma meseji yako yote nikairudia, nikaona badala ya kukupigia niandike tu, juu kwa simu tunakatizana na mambo yanabaki nusu. Umesema wenzako Wakenya hapo Greensboro, North Carolina, wanakucheka ati unapiga mziki wa wazungu wa mashambani, na kuna msichana mmoja Mmarekani mweusi pia alikuuliza kama huskii aibu, kwa hivyo unataka kuiuza hiyo banjo yako. Pesa ulinunulia ni zako, uliifanyia kazi, siwezi kukukataza. Lakini kabla uongee na mnunuzi nisikilize, huu mziki nimeupenda tangu nikiwa kijana na tangu uanze kupiga nimekua naufuatilia kila jioni.

Banjo ni ya watu weusi kwanza. Watu waliouzwa utumwani kutoka Afrika Magharibi walifika Caribbean na Marekani mikono mitupu, wakachukua kibuyu, wakawamba ngozi, wakatia mti na nyuzi, wakapiga venye walikua wanajua kupiga kwao. Wajola wa Senegal na Gambia mpaka leo wako na chombo kinaitwa akonting, kibuyu na ngozi ya mbuzi na nyuzi tatu, na mmoja wa hizo nyuzi ni mfupi, ni wa kidole gumba. Sasa shika banjo yako uangalie ule uzi wa tano unaoanzia katikati ya shingo. Na ile staili ya ukucha mwalimu wako anakufundisha, vidole umevikunja, ukucha unashuka kwa uzi, halafu gumba linadaka ule mfupi, basi Wajola ndivyo wanavyopiga akonting, ukucha ukishuka hivyo hivyo. Kuna Mgambia anaitwa Daniel Jatta, alienda kusoma Marekani akaskia banjo kwa mziki wa huko akakumbuka akonting ya babake, akarudi nyumbani kujifunza na kutafiti, na kazi yake ndio imefanya watafiti wengi waiangalie akonting kama ndugu wa karibu wa banjo. Alikua mwanafunzi mgeni kama wewe tu.

Venye ikakua ya wazungu ni hadithi chungu, nitaipitia haraka. Kuanzia miaka ya 1830 na 1840 wazungu walijipaka masizi usoni, wakapanda jukwaani na banjo wakiigiza watu weusi kwa kuwadharau, na hio michezo ikapendwa nchi nzima. Watu weusi wengi kwa muda wakaanza kuikwepa banjo. Huyo msichana aliyekuuliza kuhusu aibu usimkasirikie, ana sababu. Halafu miaka ya 1920 kampuni za rekodi zikagawa soko, blues ya watu weusi kwa orodha moja, fidla na banjo za wazungu wa milimani kwa orodha nyingine, wakati huko vijijini watu weusi na weupe walikua wanapiga nyimbo zile zile na kufundishana. Aliyekua na fidla na ni mweusi mara nyingi hakurekodiwa, na kama hukurekodiwa watoto wa baadaye wanadhani hukuwepo.

Sasa kuna mzee mmoja lazima umjue kwa sababu ni wa hapo hapo karibu na wewe. Joe Thompson, alizaliwa 1918, akaishi Mebane, umbali mfupi tu kutoka Greensboro. Mweusi, mpiga fidla, alifundishwa na babake ambaye naye alifundishwa na babake. Walikua wanapiga usiku baada ya majirani kukutana kuambua mahindi, kazi ikiisha chakula kinaletwa, viti vinasukumwa ukutani, watu wanacheza. Miaka mingi alipiga na binamu yake Odell akiwa na banjo. Mwaka 2005 kulikua na mkutano wa wapiga banjo weusi pale Boone, na vijana watatu waliokutana hapo, Rhiannon Giddens (huyo ni mzaliwa wa Greensboro kabisa, alikua amesomea opera), Dom Flemons na Justin Robinson, wakaanza kwenda kwa mzee Mebane kila Alhamisi jioni. Mzee alikua na miaka 80 na kitu. Hakuwapa karatasi ya noti, alipiga na wao wakafuata, wakikosea anapiga tena. Hapo ndio ikatoka bendi yao, Carolina Chocolate Drops.

Hao ndio nataka uwaskize polepole. Albamu yao ya 2010 ilipata Grammy mwaka uliofuata. Flemons anashika vipande vya mifupa mkononi, vinagongana kati ya vidole hadi unadhani ni mashini, mara apulize mtungi ukitoa sauti kama besi, Robinson na fidla, Rhiannon na banjo halafu wanabadilishana vyombo wimbo ukifuata. Na kwa hio albamu walichukua wimbo wa RnB wa Blu Cantrell wa 2001, ule ulikua unapigwa kwa matatu ukiwa hujazaliwa, wakaupiga na fidla na banjo. Hawakulazimisha kitu, wimbo ulikaa pale kama nyumbani kwake. Nikiskiza naona kwamba mzee wa Mebane na redio ya 2001 ni ukoo mmoja.

Ndio maana mtu akisema hizi bendi za sai zimechukua mziki wa zamani zikautia nguvu, mimi nakataa. Nguvu ilikuwako. Huo mziki ulikua wa kuchezewa, si wa kukaa kwa kiti na kupiga makofi ya adabu. Kwa ule wa zamani kabisa fidla na banjo zinapiga melodia pamoja, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, unarudi, unarudi tena, dakika kumi, juu wachezaji hawajamaliza mzunguko wao, na ukipiga hivyo kwa muda mkono unajipeleka. Baadaye ndio Bill Monroe akaja na bendi yake, na Desemba 1945 Earl Scruggs akaingia na banjo ya vidole vitatu yenye spidi ya ajabu, kila mtu anapewa zamu ajionyeshe, hio ndio bluegrass, ni nzuri sana lakini ni ya jukwaa. Wengine wakauweka ule wa zamani kwa makumbusho. Kwa hivyo vijana wa leo wakiruka na banjo jasho likiwatoka, mimi naona wanarudi karibu na zile nyumba zilizosukumwa viti ukutani.

Iangalie bendi ya Old Crow Medicine Show. Walianza 1998 wakizunguka wakipiga barabarani, na mwaka 2000 walikua nje ya duka la dawa hapo Boone, Doc Watson mwenyewe akawaskia, yule mzee kipofu wa gitaa, akawaalika kwa tamasha lake la MerleFest. Wanapiga kama watu wanafukuzwa. Ule wimbo wao Wagon Wheel, wa kwenda Raleigh huko North Carolina, ambao kibwagizo chake kilikua kipande Bob Dylan aliacha bila kumaliza 1973, waliutoa kwa albamu ya 2004 na 2013 Darius Rucker, mweusi wa South Carolina, akauimba tena ukamletea Grammy. Wewe unaujua, umeukuta kwa kila harusi hapa Kericho na kwa kila baa ya Nakuru, watu wanauimba macho yamefungwa na hakuna hata mmoja amewahi kufika Raleigh. Avett Brothers pia ni wa huko kwenu, Concord, banjo na gitaa na kelele ya vijana waliopitia rock. Hao Mumford & Sons wa London siwapendi sana, nyimbo zao nyingi zinapanda kwa njia moja, lakini wamefanya watoto wengi waombe wazazi wao banjo, hio nawapa. Na 2024 Beyoncé alipotoa ule wimbo wake Texas Hold 'Em, banjo ya mwanzo ile inayokushika kabla hata hajaimba ni Rhiannon. Waonyeshe hio wenzako wanaocheka.

Kitu kingine sijawahi kukuambia vizuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa mziki wa Afrika, alipita Kapkatet na mashini yake ya kurekodi, akakuta wasichana wa Kipsigis wanaimba kuhusu Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyerekodi mara ya kwanza Bristol, Tennessee, 1927 na akafa 1933, sahani zake za santuri zilikua zimefika mpaka huku kwetu, na wasichana wakamuimba kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Nyanya yako ni wa upande huo, alikua msichana wakati huo huo. Mziki ulitoka Afrika ukaenda huko, ukarudi kwa sahani, wasichana wa Kapkatet wakaushika wakaufanya wao bila kuomba ruhusa. Na wewe mjukuu wa huko unaambiwa banjo si yako? Na nani?

Sikuambii upige kama makumbusho. Umesema bendi yenu ina dada wa besi na kijana wa kajoni, lile boksi la mbao la kupigwa kwa mikono, na ulijaribu kutia mdundo wa benga chini ya wimbo wa zamani wa Carolina ukaogopa. Usiogope. Lakini jua wimbo kwanza venye wazee waliupiga, ujue sehemu zake zote mbili mpaka uzipige ukiongea na mtu, halafu ndio utie benga. Ukitia kabla hujaujua utaskika kama watu wawili wanagombana. Drops walikaa kwa mzee kwanza. Joe Thompson alifariki 2012, lakini wako wazee wengine, uliza, na mwezi wa sita kuna mkutano wa wapiga fidla pale Mount Airy, si mbali na wewe, watu wanapiga kambi na usiku wanakaa duara kando ya magari wakipiga. Ukifika usikae nyuma. Kaa karibu na mwenye fidla, uangalie mkono wake wa upinde, ndio unakuambia wimbo unageuka wapi.

Nyuzi zikikatika niambie. Na kama shida ni pesa sema ni ngapi na ya nini, tutaangalia na mama yako. Hio ya benga irekodi hata kama haijakaa sawa, unitumie kwa WhatsApp vidio yenyewe sio link.

Nijibu kabla ya Jumamosi.

Baba yako