Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Risiti ya "Matibabu" hailipiki

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mbagala, na risiti yangu iko hapa mezani. Imeandikwa "Matibabu, 142,000". Basi. Nani katibiwa, katibiwa nini, na daktari gani, haisemi.

Wiki tatu na siku chache zilizopita mwanangu alidondoka kwenye mwembe akavunjika mkono. Nilimkimbiza hospitali ya karibu, nikalipia kumwona daktari, eksirei, plasta na dawa. Kazini kwetu hatuna kadi za bima: unalipa mfukoni, halafu unapeleka madai utumishi ndani ya siku 30. Afisa utumishi akaitazama risiti, akaigeuza, akaitazama tena. "Dada, hii mkaguzi ataitupa. Atajuaje ni mwanao na si jirani?" Sikumlaumu. Naye ana wakubwa wake.

Nikarudi hospitali, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Dirishani nikaambiwa risiti ikishatoka imetoka, nimwone mhasibu. Mhasibu yuko kikaoni. Kesho yake nikaambiwa niandike barua ya kuomba mchanganuo. Barua, ili niorodheshewe vitu nilivyokwisha kuvilipia!

Mchanganuo wenyewe upo. Siku ile kabla sijatoa hela, karani alinisomea kwenye kompyuta: daktari kiasi hiki, picha kiasi hiki, plasta, vidonge. Kila kitu na bei yake. Kilichotoka kwenye mashine ni jumla peke yake.

TRA, mamlaka ya mapato, wametufundisha: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilidai, nikapewa, tena ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Lakini risiti ile ni ya mtu wa kodi. Yeye anataka kujua fedha imeingia. Mwajiri anataka kujua imeingia kwa ajili ya nini. Na hata hiyo ya kodi ina maradhi yake: maandishi yake hufifia baada ya muda. Ya Januari niliisahau kwenye mkoba, sasa nyeupe kama sanda. Siku hizi natoa kivuli siku hiyo hiyo.

Ombi langu ni agizo lako moja. Kila kituo, cha serikali na cha binafsi, kimpe anayelipa karatasi ya mchanganuo pamoja na risiti, bila kuombwa na bila kulipishwa. Iwe na jina la mgonjwa, tarehe, kila huduma na bei yake, dawa na idadi yake, jina la daktari na namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na mhuri unaosomeka.

Ila ugonjwa, Mheshimiwa, usiandikwe waziwazi. Mkono uliovunjika hauna aibu. Mwanangu anauonyesha kwa kila mgeni. Lakini yapo maradhi ambayo mtu hataki yasomwe na karani, mhasibu, mkaguzi na anayepeleka mafaili. Mwenzetu mmoja kazini aliamua kusamehe fedha yake kuliko karatasi yenye ugonjwa wake ipite meza hizo zote. Misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ipo: kwenye toleo la kumi, ICD-10, mkono uliovunjika kati ya kiwiko na kiganja ni S52. Anayetaka kuchimba atachimba, lakini mpita njia hatasoma kwa kutupa jicho tu.

Utaniambia kuna bima ya afya kwa wote. Bunge lilipitisha sheria yake mwaka 2023. Heri. Lakini hata wenye kadi huambiwa dawa hii hatuna, kanunue nje, na huko nje nako ni "Dawa, 38,000".

Mimi nimebakiza siku sita. Barua ya kuomba mchanganuo niliipeleka Jumatatu, ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Huo mhuri, angalau, unasomeka.

Wako,
Mama wa mtoto mwenye plasta,
Mbagala, Dar es Salaam