Risala ya wanafunzi wanaojitolea kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu na walezi wetu,
Wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu, tukijua una mengi yanayokungoja ofisini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji tunaoumwa ndio sisi, na ugonjwa wenyewe unaufahamu kwa kuwa wewe ni mwajiri: kila tangazo la kazi, hata ile ya saa chache mwishoni mwa wiki, linataka mtu mwenye uzoefu, na huo uzoefu haupatikani mpaka kwanza mtu akuajiri.

Tarehe 5 Desemba iliwekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1985 iwe siku ya watu wanaojitolea. Aghalabu siku kama ya leo husifiwa moyo wa huruma, na sisi hatuupingi. Ila kwa ruhusa yako tungependa kulisema wazi jambo ambalo wengi huliona aibu: baadhi yetu tulianza kujitolea kwa sababu tulikuwa tunatafuta kazi. Hatudhani kuna ubaya. Mgonjwa anayeonyeshwa njia ya kwenda maabara haulizi aliyemwonyesha alifuata nini pale.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wanachama wetu wanajitolea hospitalini, maktabani, katika shule za msingi na kwenye mashindano ya michezo. Wapo pia wanaojitolea wakiwa wameketi bwenini: wanaandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, au wanachora barabara na majengo kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2004 ambayo yeyote aweza kuiongezea. Hawa wa bwenini tuliwahi kuwacheka kidogo. Kumbe wana faida ambayo sisi wengine hatuna, kwani kila walichofanya kimebaki na tarehe na jina la mtumiaji, na mwajiri akitaka anakifungua mwenyewe akakikagua.

Tungependa ujue kujitolea kunamfunza mtu nini hasa, maana neno "uzoefu" limekuwa pana mno. Mwenzetu mmoja alipangiwa dirisha la mapokezi ya wagonjwa wa nje. Asubuhi moja alifika mzee ambaye kadi yake ya miadi imepotea, foleni nyuma yake inanung'unika, na mzee mwenyewe ameshapandisha sauti. Mwenzetu hakubishana naye. Alitoka nyuma ya dirisha, akamkalisha kwenye benchi, akamuuliza jina na mwezi aliotibiwa mara ya mwisho, kisha akaenda kulitafuta jalada huku muuguzi akiendelea na foleni. Miezi kadhaa baadaye, kwenye usaili wa kazi ya jioni katika duka la dawa, aliulizwa angefanya nini mteja akimjia juu. Wasailiwa wengine walijibu kwamba wangekuwa wavumilivu. Yeye alisimulia habari ya mzee na benchi, na kazi akaipata.

Alikuwa na kitu kingine pia, nacho ni daftari. Kila siku ya zamu aliandika tarehe, saa alizokaa, alichokifanya na nani alimsimamia. Siku ya kuandika wasifu wake hakulazimika kukumbuka wala kutia chumvi. Tumeanza kuwahimiza wanachama wote wafanye hivyo, ingawa lazima tukiri kwamba daftari nyingi huishia ukurasa wa tatu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sasa tuyaonyeshe madonda yenyewe. La kwanza ni vyeti. Mwanafunzi anajitolea muhula mzima, kisha anapewa karatasi ngumu yenye nembo nzuri isemayo "ameshiriki kikamilifu". Ameshiriki nini? Mwajiri hawezi kujua. Tumeona pia barua zinazosema mwanafunzi huyu ana nidhamu na bidii, maneno ambayo yangeweza kuandikwa hata kwa mtu aliyefika siku mbili akatoweka. Linganisha na barua isemayo kwamba alipanga vitabu vilivyorudishwa kila Jumamosi, alisajili wasomaji wapya, na aliwaelekeza wanafunzi wawili waliokuja baada yake. Hiyo ni mistari mitatu tu, lakini ina uzito kuliko nembo zote.

La pili ni zito zaidi. Wapo wanaotuita "wa kujitolea" ilhali wanatutumia kama vibarua wasiolipwa. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu za kazi, ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani, uliieleza kazi ya kujitolea kuwa ni ile isiyo ya lazima, isiyo na malipo na inayofanywa kwa ajili ya wengine. Mafunzo ya kazini yasiyolipwa yakawekwa fungu lake pembeni. Kwa hiyo biashara inayomweka mwanafunzi kaunta siku tano kwa wiki, ikamkaripia akichelewa, na kumuahidi kwamba "nafasi ikitokea tutakuita", haimfundishi kujitolea. Imepata mfanyakazi wa bure. Shauri letu kwa wenzetu ni kuuliza mapema: nitafanya nini, kwa saa ngapi, hadi lini, na nani atanisimamia? Asiyetaka kujibu maswali hayo tumuage kwa heshima.

Nauli nayo inatuchuja. Anayemudu kwenda na kurudi kwa fedha ya nyumbani ndiye anayepata uzoefu, kisha ndiye anayepata kazi. Anayeihitaji kazi zaidi anabaki bwenini. Halafu kuna mitihani, ambayo haijali ulikuwa zamu ipi.

Wenzetu wanaotarajia kusoma nje nao wasome masharti ya viza zao vizuri. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa kigeni wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kazi isiyolipwa yenye majukumu kama ya mwajiriwa huhesabiwa ndani ya saa hizo. Mtu anaweza kuvunja sheria akidhani anatenda wema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hatukuja kukuomba fedha, ijapokuwa ukiwa nazo hatutazikimbia. Tunaomba taasisi yako iwe ya kwanza kutoa barua inayotaja kazi iliyofanyika, ikiwa na jina la msimamizi aliye tayari kupigiwa simu kama mdhamini. Tunaomba pia anayejitolea kwako arudishiwe nauli. Na inapotokea kazi ya jioni au ya mwisho wa wiki, tunaomba tangazo lianze kubandikwa kwa wale waliokwisha kujitolea hapo, kabla ya kwenda nje. Washindanishwe kama wengine; wasipofaa, waachwe. Kwa upande wetu tunaahidi kumleta mtu anayejua ratiba yake ya masomo, ili asikukatie zamu wiki ya mitihani.

Mkuu wa Chuo, ombi letu kwako ni fupi: ratiba za vipindi zitoke kabla ya muhula kuanza, maana bila hizo hatuwezi kumwahidi mtu siku wala saa.

Baada ya kusema hayo, tunaomba uipokee risala hii kwa maandishi, ututolee nasaha zako, kisha utusaidie kukabidhi barua za wanachama wanaomaliza mwaka huu. Tumeziandika upya zote, na kila moja inasema mhusika alifanya nini.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama.