Silikoni si gasketi

Mhariri, mbukwa.

Naomba nafasi niseme na mafundi wa gereji zetu hapa Dodoma, pamoja na sisi wenye magari tunaowaharakisha. Nina Probox ninayobebea zabibu kutoka Hombolo kwenda mjini. Msimu uliopita tapeti kava yake, ule mfuniko wa juu ya injini, ilifunguliwa mara tatu kwa ajili ya oili kuvuja.

Fundi wa kwanza alipaka silikoni, ile gundi ya kuzibia, juu ya gasketi ya zamani, yaani mpira unaokaa chini ya kava kuzuia oili, uliokwisha kukaushwa na joto hadi ukiukunja unavunjika kama bua la mtama. Nakiri, mimi ndiye niliyemwambia, "Paka tu, zabibu zinaoza." Wiki ya pili, nimesimama kwenye mataa, harufu ya oili inayoungua ikajaa ndani ya gari. Ilikuwa inadondokea ekzosi.

Wa pili alisema kava haikukazwa. Akakaza kwa nguvu zake zote mpaka uzi wa bolti moja ukafa. Zile ni bolti za spana namba 10, zimeingia kwenye aluminiamu. Injini yangu inataka zikazwe kwa niutoni mita 10 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ya kiganja, si ya bega. Tena mpira ukiminywa kupita kiasi unatoka kwenye mfereji wake, oili inapata njia.

Wa tatu, mzee mmoja wa Kizota, alinikalisha chini ya mwarobaini karibu nusu siku. Alipofungua kava alinionyesha nyuzi za silikoni zikining'inia kwa ndani. "Hizi zikidondoka zinaziba chujio la pampu ya oili, injini inakufa kwa kiu." Akakwangua kwa kipande cha plastiki, maana bisibisi huchora aluminiamu, akafuta hadi kitambaa kikatoka cheupe. Upepo wetu mnaujua: kila aliposogea alifunika injini kwa khanga safi. Uzi uliokufa akautengeneza. Gasketi ilikuwa mpya, na ile mipira ya mashimo ya plagi pia. Silikoni aliiweka sehemu mbili tu, tone dogo kama punje ya harage, pale kifuniko cha cheni kinapokutana na silinda hedi. Bolti alizikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kwa wepesi, kisha kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Hakuniruhusu kuwasha gari mpaka silikoni ikauke.

Kitu ambacho wale wawili hawakukigusa kabisa ni vali ya kupumulia injini. Mzee aliichomoa, akaitikisa sikioni, kimya. Ilikuwa imeziba kwa masizi. Nzima hulia kama njuga. Pumzi ikikosa pa kutokea husukuma oili nje, hata uweke gasketi ya dhahabu.

Kila usiku natandika boksi chini ya gari. Huu ni mwezi wa nne tangu mzee alitengeneze, boksi bado ni kavu.

Dereva wa zabibu,
Hombolo, Dodoma